Frateri, na Wewe Unacheza Drafti?



Likizo iliyopita, jioni moja, mama mmoja wa jumuiya yetu alinikuta kijiweni hapa Njiro, nimekaa juu ya tofali, nacheza drafti. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa rangi. Kete ni visoda: wa kwangu vimetazama juu, wa mwenzangu vimetazama chini. Pembeni bodaboda wanasubiri abiria, fundi viatu anagonga soli. Nikasimama haraka, nikamwamkia. Akaitikia, akautazama ubao, akawatazama wale machalii, akasema:

"Frateri, na wewe unacheza drafti? Na hawa?"

Nikajichekesha, nikasema napumzisha akili kidogo. Mama akaenda zake. Lakini nilipokaa tena niliona swali lake ni maswali mawili. La kwanza: mtu anayemtafuta Mungu ana ruhusa ya kucheza? La pili liko kwenye yale maneno mawili ya mwisho: na hawa. Yaani, unapocheza na mtu, unakuwa nani kwake, na yeye anakuwa nani kwako?

La kwanza nilidhani nina jibu lake tayari. La pili lilinifundisha kwa aibu, na ndiyo sababu naandika.

Tuanze na la kwanza. Mtakatifu Thoma wa Akwino, yule mwalimu mkubwa ambaye sisi wa falsafa hatulali kwa ajili yake, aliuliza swali lilelile la mama. Liko katika Summa Theologiae, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 168. Anasimulia habari ya zamani kuhusu Mtakatifu Yohane mwinjili. Watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Akarusha, akarusha tena, mara nyingi. Yohane akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule mtu akasema hapana, upinde utavunjika. Basi, na roho ya mwanadamu ni hivyohivyo: ikikazwa muda wote, itavunjika.

Kwa hiyo Thoma anasema kuna fadhila kabisa inayohusu kucheza na kutaniana. Aliichukua kwa Aristotle, na jina lake la Kigiriki ni eutrapelia. Mwenye fadhila hiyo anajua kucheza, anajua kutania na kutaniwa, na anajua pa kuishia. Tena Thoma anasema mtu asiyecheza kamwe, mwenye uso mgumu anayewaharibia wengine furaha yao, naye ana kasoro. Wapendwa, kuna watu wanadhani kununa ni utakatifu. Siyo.

Nabii Zekaria, alipotaka kuonyesha Yerusalemu iliyoponywa, aliwaona wazee wamekaa njiani na fimbo zao mkononi, na njia zimejaa watoto wa kiume na wa kike wanaocheza (Zek 8:4-5). Na hapa kwetu Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wake mwaka 2005 na leo tunamwita Mtumishi wa Mungu, alipenda bao. Mtu aliyebeba nchi nzima mabegani alipata muda wa kukaa na kusambaza kete. Mimi frateri nina kazi gani kubwa kuliko hiyo?

Basi kucheza, ruhusa. Lakini Thoma anaweka masharti matatu. Kwanza, usitafute furaha katika matendo au maneno machafu au yanayoumiza. Pili, usijipoteze mpaka akili ikakuhama. Tatu, mchezo ufae kwa mtu, kwa muda na kwa mahali. Haya niliyaandika kwenye mtihani, na nilipata alama nzuri. Wiki mbili baada ya swali la mama nikavunja sharti la kwanza mbele ya watu kumi hivi.

Pale kijiweni kuna mzee tunayemwita Babu. Ni Mwislamu, mtu wa Pangani, alikuja Arusha kijana akafanya kazi kiwandani miaka mingi. Kiwanda kilifungwa, na tangu hapo amekuwa mtu wa kufuatilia mafao yake: nenda rudi, leta barua, leta kivuli cha kitambulisho, njoo Jumatatu. Kila mtu kijiweni anajua. Mimi ananiita "padre mdogo". Drafti anaijua vizuri, na kwa wiki nzima alikuwa ananipiga mpaka watoto wa shule wakawa wanasimama kuangalia.

Siku hiyo mambo yakageuka. Nilimtega, akala kete moja kwa sababu kula ni lazima, mimi nikala tatu. Nikabaki na kete tano na kingi mmoja. Yeye akabaki na kingi peke yake, anamkimbiza pembe hii na pembe ile. Watu wamejaa. Na mimi, bwana, kichwa kikavimba. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Babu, huyo kingi wako anazunguka kama anafuatilia kiinua mgongo!"

Kijiwe kizima kilicheka. Bodaboda mmoja alijipiga mapajani. Hata fundi viatu aliacha nyundo. Babu naye alitabasamu, akacheza hatua mbili zilizobaki, akaliwa. Akasimama, akakung'uta kanzu, akasema, "Haya, padre mdogo, umeshinda." Akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja.

Sasa utaniambia: Frateri, usijikaze bure, drafti bila maneno ni drafti gani? Kweli kabisa. Drafti ya kimya ni ya mashine. Nusu ya utamu wa kijiwe ni maneno: "umeingia mwenyewe", "hapo hutoki", "leta mtoto wako acheze, wewe pumzika". Na sisi Watanzania utani kwetu una heshima yake. Mchaga na Mpare wanaambiana maneno ambayo ukimwambia mtu mwingine mtafikishana kwa mjumbe. Ila utani huo una sheria, hata kama hazikuandikwa. Na sheria iliyo kubwa kuliko zote, nadhani, ni hii: mtani wako lazima aweze kukurudishia. Mpare akinichapa leo, kesho namchapa mimi. Tuko sawa.

Babu angenirudishia nini? Mimi ni frateri. Watu wa mtaani wananipa heshima ambayo sijaifanyia kazi. Mzee wa watu, Mwislamu, hawezi kusimama hadharani akamsimanga mseminari bila kuonekana amevuka mpaka. Nilimpiga mahali ambapo mikono yake imefungwa. Huo haukuwa utani. Ulikuwa na sura ya utani tu.

Usiku ule nililala nawaza, na falsafa, ambayo mchana ilikuwa imenyamaza, ikaamka. Mwanafalsafa Bernard Suits aliandika mwaka 1978 kitabu kiitwacho The Grasshopper, na humo anaeleza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo ambavyo mtu hakulazimika kuwa navyo. Fikiria drafti. Kama nia yangu ni kuondoa visoda vya Babu ubaoni, naweza kuvifagia kwa mkono, sekunde moja tu. Lakini hakuna atakayesema nimeshinda. Ushindi unakuwepo kwa sababu sisi wawili tumekubaliana kujibana: tunakwenda mshazari, mmoja mmoja, kwa zamu.

Sasa angalia kilichomo ndani ya makubaliano hayo. Mpinzani wangu anakaa mbele yangu na kuniambia bila maneno: hapa ubaoni nitafanya kila niwezalo kukuzuia, na wewe fanya kila uwezalo kunishinda, wala hatutachukiana. Hiyo ni zawadi. Bila yeye sina mchezo, nina kipande cha plaiwudi. Ameniazima akili yake, muda wake, hata heshima yake kidogo, kwa sababu anajua anaweza kushindwa mbele ya watu. Na anaazima kwa sharti moja: vita iishie kwenye ukingo wa ubao. Ndani ya miraba ile 64 nina haki ya kumla kete zote. Nje ya miraba ile sina haki ya kumla chochote.

Mimi nilikuwa nimeshashinda ndani. Halafu nikanyoosha mkono nje ya ubao nikachukua kitu ambacho hakikuwekwa mchezoni: miaka yake ya kazi, na aibu ya kungoja.

Jumamosi niliona siwezi kwenda kutumikia Misa ya Jumapili hivihivi. Bwana wetu alisema wazi: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda kwanza mkapatane (Mt 5:23-24). Nikamuuliza fundi viatu nyumbani kwa Babu, nikaenda. Ni chumba na sebule, upande wa kule viwanja vya Nanenane. Nikabisha hodi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Karibu, padre mdogo. Umekuja kunimalizia?"

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, lakini yalitoka vipande vipande. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nilipofika hapa nilicheka. Ulinipata kweli. Bibi yako ndiye hakucheka nilipomsimulia." Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchicha. Hakuinua macho. Nikaelewa kwamba ile sentensi yangu iliingia nyumba hii kabla yangu, na ilimkuta mtu ambaye ndiye anayehesabu unga na kodi. Nikamwomba msamaha na yeye. Akasema, "Haya, mwanangu, kaa unywe chai."

Baada ya chai Babu akatoa bao, la mti, limekuwa jeusi kwa kushikwa. "Hili unalijua?" Nikasema silijui. "Basi leo utapigwa." Nikapigwa mara nne.

Kwa wasiolijua: bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mmoja ana kete 32, nazo ni komwe, mbegu ngumu za kijivu. Mnaanza na kete 10 ubaoni kila upande, na 22 mkononi. Katika hatua ya kwanza, ya kunamua, unaingiza kete moja moja. Za mkononi zikiisha, mnaingia kwenye mtaji. Kuna shimo linaloitwa nyumba, lina kete sita mwanzoni, na mchezaji mzuri hulilinda na kuchagua wakati wa kulivunja. Anayeishiwa safu ya mbele amefungwa.

Kitu kimoja kilinikamata katika ule upigwaji wangu. Kwenye drafti, kete ikiliwa inatoka. Inakaa mchangani mpaka mchezo uishe. Kwenye bao, ukila kete za mwenzako huziweki mfukoni. Unazisambaza, moja moja, katika mashimo ya upande wako. Hakuna kete inayotoka ubaoni. Zikishaingia zote, kuanzia hapo mpaka mwisho zipo 64, na mchezo mzima ni kuhama tu. Na kesho kete zilezile ulizokula zinaweza kuliwa zirudi kwao. Sisemi kwamba wazee waliobuni bao walikuwa wanaandika katekesi, wala sisemi drafti ni mchezo mbaya, maana bado nacheza. Nasema tu kwamba kila mchezo una mtu au watu walioupanga, na mpangilio wao unakufundisha kutamani kitu fulani. Ukikaa mezani saa mbili, kwa saa mbili umekubali kutamani kile.

Mmarekani Elizabeth Magie alilijua hili. Mwaka 1904 alipata hataza ya mchezo wa ubaoni alioubuni, wa kununua viwanja na kutoza kodi. Alitaka watu waone kwa macho yao jinsi mwenye ardhi yote anavyowafilisi wengine, na akauandalia sheria za namna mbili: kwa namna moja mali inayozalishwa inawanufaisha wachezaji wote, kwa nyingine mmoja anawameza wenzake. Dunia ikachagua ile ya kumezana. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo uliotokana na wake, ndiyo Monopoly, ukavuma chini ya jina la mtu mwingine, na yeye alilipwa dola 500 kwa hataza yake. Onyo lake likageuka kuwa burudani ya kufurahia kumfilisi mwenzako.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, usiulize tu "mchezo huu ni dhambi?" Uliza: mchezo huu unanifundisha kutamani nini, na mwenzangu anabaki nani baada yake?

Hapo lazima niseme kuhusu kubeti, maana ndio mchezo wenu wengi, na msijifanye hamnielewi. Pale kijiweni kuna chalii wa bodaboda, tuseme jirani yangu, aliyekuwa mchezaji mkali wa drafti. Siku hizi hakai ubaoni. Amekaa juu ya pikipiki na simu, anapanga mkeka. Siku moja alikuwa amefungia hesabu ya bosi kwenye mkeka wa timu tisa. Nane zikampa. Ya tisa ikasawazishiwa dakika za mwisho, mkeka ukachanika. Nilimtazama usoni. Hakuwa na wa kumlaumu, hakuwa na wa kumtania, hakuwa na wa kumwambia "kesho narudi kulipiza". Aliyemshinda hana uso.

Kanisa halisemi kila kamari ni dhambi yenyewe kwa yenyewe. Soma Katekisimu, namba 2413. Linasema inakuwa haikubaliki inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa mahitaji yake na ya wengine, na kwamba tamaa ya kamari inaweza kuwa utumwa. Hesabu ya bosi, ada ya mdogo wako, hela ya mama ya gesi: hivyo ni vitu vya nje ya ubao. Mimi nilichukua heshima ya Babu nikaiingiza mchezoni bila ruhusa. Chalii wangu alichukua chakula cha nyumbani kwake akakiingiza mchezoni, na walaji wake hawakuulizwa. Kosa letu ni la ukoo mmoja.

Na kuna mchezo mmoja katika Injili ambao huwa tunaupita haraka Ijumaa Kuu. Chini ya msalaba askari waliipigia kura kanzu ya Yesu (Yn 19:23-24). Hawakuwa wanaibiana, inawezekana kura ilipigwa kwa haki kabisa, kila mmoja kwa zamu yake. Tatizo ni kwamba juu yao alikuwepo mtu anakufa, na kilichokuwa mezani ni kanzu yake. Wangeinua macho tu, mchezo ungekwisha.

Nadhani hicho ndicho kipimo. Mchezo mzuri unaweza kuinua macho katikati yake ukamtazama mwenzako, na bado mkaendelea. Mchezo ukikulazimisha uinamishe macho, usimwone mwenzako, au mkeo, au mama yako, huo umeshakuhamisha mahali, hata kama hakuna sheria uliyovunja.

Babu alirudi kijiweni Jumatatu. Alinipiga, tena alihakikisha watu wako wengi. "Padre mdogo," akasema, "rudi seminari ukaongeze mwaka." Wote wakacheka, na mimi nikacheka zaidi yao, kwa sababu hapo nilijua amenirudishia. Tulikuwa sawa tena. Bibi, kusema kweli, bado ananipa salamu fupi. Sina haki ya kudai ndefu.

Na yule mama wa jumuiya? Kama atanikuta tena nitampa jibu: ndiyo mama, nacheza, na hasa nacheza na hawa. Niombee tu nikishinda.

Kwa tafakari ya wiki hii:

1. Ni nani uliyemshinda, kwenye mchezo au kwa maneno, akaacha kuja? Unajua anapokaa?

2. Utani wako wa mwisho: mwenzako angeweza kukurudishia?

3. Kuna kitu cha nje ya ubao, hela au heshima ya mtu, ambacho umekiingiza mchezoni bila ruhusa ya mwenyewe?

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekaa mezani na kila mtu na hukumwaibisha aliyeshindwa, tufundishe kucheza bila kuumiza na kushinda bila kumpoteza ndugu. Tupe ujasiri wa kwenda kubisha hodi tulikokosea. Amina.

Mungu awabariki. Tukutane Misani, halafu tukutane ubaoni.